Bembea ya Kura na Sauti ya Milimani: Uhakiki wa Kazi ya Mchambuzi wa Uchaguzi katika Televisheni

Kila baada ya miaka mitano, usiku wa matokeo, watu wa mijini huketi mbele ya televisheni. Nyuma ya meza huwapo mtu mwenye tai na karatasi, na nyuma yake ramani ya nchi inayobadilika rangi. Mtu huyo huitwa mchambuzi. Hakugombea wala hakuchaguliwa na mtu, na pengine hajafika hata mara moja katika jimbo analolieleza. Hata hivyo, kabla kura za kata ya mwisho hazijahesabiwa, yeye ameshatuambia wananchi wamesema nini.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kazi hiyo. Hatumhakiki mtu kwa chuki, wala hatusemi kwamba hesabu ni adui wa umma. Tunakusudia kuonyesha chimbuko la kazi hii, nadharia iliyoibeba, na hali ya jamii iliyoizaa. Kisha tutaipima kwa mambo yaliyotokea katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, kati ya mwaka 2005 na mwaka 2015. Tumechagua sehemu hizo kwa sababu ndiko mizani ya mchambuzi ilikokataa kupima.

CHIMBUKO LA KAZI

Mtu aliyeifanya kazi hii iwe kazi ni David Butler wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1924, mtoto wa profesa wa Kilatini, akasoma Oxford, akapigana Vita Kuu ya Pili akiwa ofisa wa vifaru. Aliporudi chuoni aliandika nyongeza ya takwimu katika kitabu cha kwanza cha Chuo cha Nuffield kuhusu uchaguzi, ule wa mwaka 1945. Mwezi Februari 1950 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza matokeo ya uchaguzi kwa televisheni kwa mara ya kwanza, na Butler, akiwa na umri wa miaka 25, aliwekwa mbele ya kamera ayaeleze. Aliendelea kukaa katika kiti hicho uchaguzi baada ya uchaguzi hadi mwaka 1979. Vitabu vya Nuffield alishiriki kuviandika hadi ule wa uchaguzi wa mwaka 2005. Alifariki mwezi Novemba 2022 akiwa na miaka 98.

Elimu hiyo Waingereza waliipa jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kokoto, kwa kuwa watu wa Athens ya kale walipiga kura kwa kokoto. Jina linafaa kuliko walivyokusudia. Mtu anaweza kuhesabu kokoto zote bila kosa, na bado asijue zilichimbwa mlima gani wala ni mikono ya nani iliyozibeba.

Chombo chake kikuu kilikuwa kile tutakachokiita hapa bembea ya kura. Unachukua asilimia iliyopotezwa na chama kimoja tangu uchaguzi uliopita, unaijumlisha na asilimia iliyopatikana na mpinzani wake, unagawa kwa mbili. Jibu ndiyo bembea. Majimbo machache ya kwanza yakishatangazwa, mchambuzi huchukua bembea yake akaitandaza nchi nzima, naye hutabiri Bunge zima kabla ya usiku wa manane. Mwaka 1955 BBC ilianza kuonyesha bembea hiyo kwa ubao wenye mshale, na katika miaka ya 1960 Robert McKenzie, profesa wa London mzaliwa wa Kanada, akaufanya ubao huo ujulikane katika kila nyumba ya Uingereza.

Lazima tuseme ukweli: kwa Uingereza ya wakati ule chombo hiki kilifanya kazi vizuri. Lakini swali la mtu mwenye nadharia ni hili: kwa nini kilifanya kazi?

BEMBEA NA TABAKA

Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1951, vyama viwili vikubwa vilipata karibu asilimia 97 ya kura zote. Mfanyakazi wa mgodi wa Wales na mfanyakazi wa kiwanda cha Scotland walitofautiana lafudhi, lakini walipokea mshahara kutoka kwa tabaka lile lile, walikaa katika nyumba za kupanga za aina ile ile, na wengi wao walikuwa katika vyama vya wafanyakazi. Bei ilipopanda ilipanda kwa wote. Ndiyo maana kura zilipobembea, zilibembea pamoja. Butler mwenyewe alilijua jambo hili. Kitabu alichoandika na Donald Stokes mwaka 1969 kinaeleza kwa kirefu jinsi tabaka lilivyokuwa msingi wa kura ya Mwingereza.

Kwa hiyo mshale ule haukuwa ukipima hewa. Ulikuwa ukipima jamii iliyokwisha kusagwa na ubepari wa viwanda kwa muda wa miaka mia na hamsini hadi ikawa unga wa aina moja. Lakini televisheni haikuonyesha tabaka, ilionyesha mshale. Mtazamaji alibaki akidhani kwamba siasa ni mchezo wa vyama viwili vinavyovutana, na kwamba swali la maana usiku huo ni moja tu: nani atashinda? Hilo ni swali la mcheza kamari. Swali la siasa ni jingine: kwa nini wananchi wamesema hivi, na wanataka nini kifanyike kesho asubuhi?

Huu ndio ukinzani uliomo ndani ya kazi ya mchambuzi. Vitabuni alikuwa mwanachuoni mwenye subira. Mbele ya kamera alihitajika atoe jibu la haraka, kwa kuwa televisheni haivumilii kimya. Na katika vita kati ya kitabu na kamera, kamera ndiyo iliyomjengea jina.

KAZI INAVUKA BAHARI

Kazi hii haikubaki Uingereza. Nchini India, Prannoy Roy, mtaalamu wa uchumi, aliandika pamoja na Butler na Ashok Lahiri kitabu cha takwimu za uchaguzi wa India, kilichotoka mwaka 1984, kisha akawa mchambuzi mashuhuri katika televisheni ya taifa. Wahindi hawa waligundua mara moja kwamba bembea peke yake haitoshi kwao, kwa kuwa chama tawala kilikuwa kimoja na wapinzani walikuwa wengi. Wakabuni kipimo cha pili, cha kuonyesha wapinzani wameungana kiasi gani katika kila jimbo. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliokataa kuvaa kiatu cha mwingine bila kukipima. Hata hivyo mwisho wake una funzo. Kampuni ya televisheni ya NDTV, ambayo Roy aliianzisha na mkewe mwaka 1988, iliingia mikononi mwa kundi la tajiri Gautam Adani mwishoni mwa mwaka 2022. Anayeeleza kura za umma huweza kununuliwa meza yake, kiti chake na ramani yake, kwa kuwa vyote hivyo vilikuwa mali ya soko tangu mwanzo.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa tofauti. Uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ulichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chao kilihaririwa na Lionel Cliffe mwaka 1967. Hapakuwa na televisheni Bara. Watafiti walikwenda majimboni, wakahudhuria mikutano, wakasikiliza wagombea wa jembe na wa nyumba wakihojiwa na wananchi. Walijifunza kwamba mtu mkubwa kama Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, aliweza kuangushwa na wapiga kura wa jimbo lake. Hakuna mshale ambao ungeweza kueleza jambo hilo; lilielezwa na miguu ya watafiti.

Televisheni ilianza Bara mwaka 1994, kwa mitaji ya watu binafsi, na ile ya Taifa ikafuata baadaye. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 ukawa wa kwanza kuonekana kwenye vioo. Wasomi wa Chuo Kikuu, kupitia REDET kwa uchunguzi wa maoni na TEMCO kwa uangalizi, wakawa ndio wanaoitwa mezani. Wasomi hawa hawakuwa watu wasio na upande. Marehemu Profesa Mwesiga Baregu alikuwa kiongozi katika CHADEMA. Dkt. Bashiru Ally, mhadhiri aliyesikika mara nyingi katika mijadala ya vyombo vya habari, aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018. Sisi hatuoni aibu katika hilo. Afadhali msomi anayejulikana amesimama wapi kuliko yule anayejificha nyuma ya tarakimu akisema yeye hana itikadi. Kutokuwa na itikadi ni itikadi ya mwenye meza.

KIBONDO NA KASULU

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 2005, CCM ilipata asilimia 80 ya kura. Mwaka 2010 ilipata takriban asilimia 63. CHADEMA ilitoka asilimia 6 ikafika 27. Tukitumia hesabu ya Butler, CCM ilipoteza 17, CHADEMA ikapata 21. Jumla ni 38, nusu yake 19. Bembea ya taifa, basi, ilikuwa 19 kuelekea CHADEMA. Mgombea urais wa NCCR-Mageuzi mwaka huo, Ndugu Hashim Rungwe, hakupata hata nusu ya asilimia moja. Kwa mchambuzi mwenye ramani, NCCR-Mageuzi kilikuwa chama kilichokwisha kuzikwa.

Lakini Kasulu Mjini ilimchagua Ndugu Moses Machali wa NCCR-Mageuzi. Kasulu Vijijini ilimchagua Ndugu Agripina Buyogera wa chama hicho hicho. Muhambwe, jimbo la Kibondo lenye jina la utawala wa kale wa Waha, ilimchagua Ndugu Felix Mkosamali wa chama hicho hicho. Kigoma Kusini ikamchagua Ndugu David Kafulila. Viti vya majimbo vya NCCR-Mageuzi katika Tanzania nzima vilikuwa vinne, na vyote vinne vilitoka Mkoa wa Kigoma.

Mwaka 2015 mambo yalikwenda kinyume tena. Kura za Urais za CCM kitaifa zilishuka zaidi, zikawa asilimia 58. Bembea ya taifa ilikuwa bado inakimbia kutoka kwetu. Lakini Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe zote zilirudi CCM. Na Buyungu, jirani yao wa kaskazini, ambayo mwaka 2010 ilibaki CCM, mwaka 2015 ikamchagua marehemu Kasuku Bilago wa CHADEMA. Taifa lilipobembea kushoto, milima ilibembea mbele. Taifa lilipoendelea kushoto, milima ikarudi nyuma, na jirani akaenda njia yake.

Mtetezi wa mchambuzi atasema kwamba uchaguzi wa Rais ni jambo moja na wa Ubunge ni jingine. Ni kweli, nasi tunalikubali. Lakini huo ndio msiba wa kazi hii: televisheni huonyesha zaidi lile linalofanana nchi nzima, na huliacha lile ambalo mwananchi analisema kwa jina la mtu anayemjua.

Je, wananchi wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakisema nini? Hatutaki kufanya kosa lile lile la kujibu kabla ya kusikiliza. Tunasema tu kwamba yeyote anayetaka kuwaelewa hana budi kuanza na historia. Wakati wa ukoloni Buha ilifanywa ghala la nguvu kazi. Wanaume walikusanywa wakapelekwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wake mapema, kabla ya sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Kambi zikajaa, kambi zikafungwa, kambi zikafunguliwa tena, na mwenyeji aliona magari ya misaada yakipita mbele ya kijiji chake kisichokuwa na maji. Mtu anayesema Kiha, lugha iliyo ndugu wa Kirundi, amezoea kuulizwa njiani kama yeye ni Mtanzania. Mkulima wa maharage na muhogo amegombana na mipaka ya msitu. Barabara ya lami kutoka Nyakanazi ilisubiriwa kwa miongo.

Tuongeze jambo dogo lenye maana kubwa. Mwaka 2010 Kibondo na Kasulu zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Gridi ilizifikia mwaka 2022. Usiku ule ambao mchambuzi alikuwa akiwaeleza watu wa Kasulu kwa taifa, wengi wa watu wa Kasulu hawakuwa na njia ya kumwona akiwaeleza. Walisikiliza redio, wakasoma fomu za matokeo zilizobandikwa vituoni, wakajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

KIMYA

Kuna upungufu wa pili, nao ni mkubwa kuliko wa kwanza. Bembea huhesabu waliopiga kura tu. Mwaka 2005 Ndugu Kikwete alipata kura milioni 9.1. Mwaka 2010 alipata milioni 5.3. Zimepungua takriban milioni 3.8. Je, zilikwenda kwa wapinzani? Dkt. Slaa alipata milioni 2.3 kwa jumla, na Profesa Lipumba alishuka kutoka milioni 1.3 hadi laki 7. Hata kama kila kura mpya ya mpinzani ingekuwa imetoka kwetu, hesabu haitimii. Jibu liko kwenye mahudhurio. Mwaka 2005 walijitokeza zaidi ya asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walijitokeza asilimia 43 tu, ingawa daftari lilikuwa limeongezeka kutoka watu milioni 16 hadi milioni 20.

Chama kikubwa kuliko vyote katika uchaguzi ule, basi, kilikuwa chama cha waliobaki nyumbani. Hakikuwa na mgombea, hakikuwa na rangi kwenye ramani, na mshale haukukigusa. REDET iliyotangaza mwezi Oktoba kwamba CCM ingepata zaidi ya asilimia 70 haikudanganya. Iliuliza watu wanampenda nani, haikuweza kujua nani ataamka asubuhi akapange foleni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

CHAMA NA MASIKIO YAKE

Tungekosa uaminifu kama tungemkosoa mchambuzi tukajisahau wenyewe. Kujikosoa ni silaha yetu ya zamani, na silaha isiyotumika hushika kutu.

Kwanza, Kigoma inatukumbusha dhambi ya utangazaji ambayo si ya ubepari. Katika uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 mgombea wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Dkt. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Matokeo yalitenguliwa, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba matangazo ya Redio Tanzania yalikuwa ya upendeleo na yaliathiri uchaguzi. Chombo cha umma kilitumika kuuambia umma uamue nini. Mchambuzi wa kibepari husema kabla ya wananchi. Sisi siku ile tulisema badala yao. Makosa haya mawili ni ndugu.

Pili, kwa kadiri vioo vilivyoongezeka, ndivyo viongozi wetu walivyozoea kuuliza vioo. Tangu miaka ya 1960 Chama kilikuwa na balozi wa nyumba kumi. Balozi hakuwa na mshale wala asilimia, lakini alijua ni nyumba ipi kijana wake ameondoka na kwa nini, ni mama yupi ameacha kuja mikutanoni, na kimya cha nani si cha kawaida. Huo ulikuwa uchunguzi wa maoni usiolala. Kiongozi anayesubiri kuelezwa Kasulu na mtu aliyeko Dar es Salaam amemwacha balozi wake bila kazi, na balozi asiyeulizwa hujifunza kujibu vile kiongozi anavyopenda.

Tatu, tuseme na hili. Tume ilitangaza ushindi wa asilimia 84 mwaka 2020, na wa karibu asilimia 98 mwaka 2025, katika uchaguzi ambao CHADEMA haikuwamo. Mbele ya tarakimu kama hizo mchambuzi wa bembea hana kazi tena; mshale umegota ukingoni. Lakini machafuko na vifo vya mwisho wa Oktoba 2025 havikuonekana popote katika asilimia ile. Chama kinachosoma tarakimu tu kingeweza kulala usingizi usiku wa tarehe 28. Kwa hiyo tarakimu inapokuwa kubwa ndipo wajibu wa kuuliza unapokuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa sanduku la kura likiacha kutuambia jambo, wananchi hutafuta mahali pengine pa kulisemea.

HITIMISHO

Maisha ya David Butler ni maisha ya mtu mwenye bidii aliyeupa ulimwengu chombo halali cha kupima jamii yake. Kosa halikuwa lake peke yake. Kosa ni la wale waliokichukua chombo kilichokatwa kwa kipimo cha wafanyakazi wa Uingereza ya mwaka 1950, wakakitandaza juu ya wakulima wa Muhambwe, na walipoona hakikai wakasema wakulima ndio wenye tabia isiyoeleweka.

Hatusemi wachambuzi wafukuzwe mezani. Tunasema wapewe nauli. Kabla ya uchaguzi ujao mchambuzi alale Kasulu wiki mbili, na Kibondo mbili. Aketi gulioni, asikilize kwa mkalimani wa Kiha kama hakijui. Ndipo arudi kwenye ramani yake. Na makada wetu wafanye vivyo hivyo bila kusubiri kamera, na taarifa zao ziandike yale yanayouma pamoja na yale yanayopendeza.

Watu wa nyanda za juu za Kigoma walitoa viti vitatu mwaka 2010, wakavirudisha mwaka 2015. Hawakuwa wakibembea. Walikuwa wakiita. Swali lililobaki kwa kila mmoja wetu ni kama aliyeitwa alisikia, au alikuwa akitazama televisheni.